Majibu ya mama kliniki, ugonjwa sugu wa mapafu (COPD) (kikundi cha familia, Mbagala)

Da Rehema: Tumetoka kliniki jamani, tupo kwenye bajaji hapa Zakhem foleni haitembei. Mama kapuliza ile mashine ya kupima mapafu kapata asilimia 42

Juma: 42 tu?? Dada tusifichane, daktari kasema kabakiza miaka mingapi

Mamdogo Zena: Juma! Unamhesabia dada yangu siku?

Juma: Hapana mamdogo, nisamehe, nataka tujue tujipangeje

Da Rehema: Nimemuuliza hivyohivyo, hakutaja mwaka. Hiyo 42 siyo mapafu yaliyobaki, ni hewa anayotoa sekunde ya kwanza akipuliza kwa nguvu wakimlinganisha na mwanamke mzima wa afya, umri na urefu uleule. Peke yake haitoshi, wanaangalia na uzito, anavyohema shughuli za kawaida, na umbali anaotembea dakika 6, vyote vinne vinapewa maksi. Katembea mita 270 kasimama njiani mara kibao. Jumla 6 kati ya 10, na hapo kadiri zinavyopanda ndo hali mbaya

Mamdogo Zena: Ya Rabi 😢

Da Rehema: Ila mamdogo maksi zinaonyesha wagonjwa wengi kwa ujumla inavyowaendea, hazimtabirii mtu mmoja. Tena kaniuliza sana kalazwa mara ngapi kwa kifua mwaka huu, maana aliyelazwa juzijuzi ndo yupo hatarini zaidi kurudia. Na kama anaoga mwenyewe, anakula, anaanguka. Mi nimeona huyu daktari anamwangalia mtu mzima mzima siyo kifua tu

Juma: Sasa tununue mtungi wa oksijeni? Nachanga hata leo

Da Rehema: Usinunue, ile ya kidoleni ya kupima oksijeni kwenye damu imesoma asilimia 93 akiwa ametulia. Wanaowekewa nyumbani ni wale wa 88 kushuka chini, na wanavaa masaa 15 au zaidi kwa siku. Hela yako weka kwenye gesi, ule mkaa utoke ndani kabisaaa, kapikia moshi miaka yote hajawahi kuvuta hata sigara mama wa watu

Juma: Mtungi wa gesi na jiko naleta jumamosi

Mamdogo Zena: Na kukonda je

Da Rehema: Hapo ndo pa kukazania mamdogo, BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ni 19, sahani ikijaa anachoka kabla hajamaliza. Apewe kidogokidogo mara nyingi, mayai, dagaa, uji wa karanga

Mamdogo Zena: Uji niachieni mimi, na jioni nitatembea naye taratibu mpaka msikitini tunapumzika tunarudi. Pampu ya dawa ya kifua anavuta sawasawa lakini?

Da Rehema: Alikuwa anakosea, nesi kamwelekeza upya. Nimerekodi video naituma nikifika, kila anayelala kwa mama aiangalie