Kijivu kipi kwa saloni na chumba, nyumba ya Himbi?

Ziwani_Himbi
Jambo ndugu zangu. Naomba ushauri wa mafundi wa rangi wa hapa Goma. Nimebakiwa na kijivu cha aina mbili cha kuchagua. Cha kwanza ni chepesi, kinavuta bluu. Kadi ya rangi ya dukani inasema kinarudisha mwanga 62 kwa mia. Cha pili kinavuta udongo kidogo, 55 kwa mia. Saloni ni mita 6 kwa 5, karo (vigae) za kahawia, madirisha mawili yanatazama ziwa na moja magharibi. Chumba cha kulala ni mita 4 kwa 3.5, dirisha moja tu, na mbele yake mita 2 kuna ukuta wa jirani wa mawe ya volkano. Nimesoma kwamba chumba cha upande wa kaskazini ndicho kinachotaka rangi yenye joto. Inatuhusu?

FundiRangi_Katindo
Hiyo ya kaskazini iache, ndugu. Ni ushauri wa Ulaya, ambako dirisha la kaskazini halipati jua la maana. Sisi tuko kusini kidogo tu mwa ikweta: kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la mchana linapita kaskazini, halafu linahamia kusini. Madirisha yako ya ziwa, yaani ya kusini, yatapata jua la mchana miezi ya mwisho na ya mwanzo wa mwaka. Miezi mingine yanapokea mwanga wa anga, nao unavuta bluu.

Kinachonisumbua ni chumba. Jiwe la volkano ni jeusi, linameza mwanga, halirudishi kitu dirishani. Kijivu chochote humo kitaonekana cheusi zaidi kuliko kadi inavyoonyesha, na kile cha bluu kitakuwa baridi kabisa. Chukua cha pili, ukichanganye nusu kwa nusu na nyeupe ya aina ileile. Plafoni (dari) iache nyeupe bila mng'ao.

Mjenzi_Keshero
Chumba nakubali. Saloni ndiyo ya kufikiriwa. Dirisha la magharibi litaleta mwanga wa njano jioni, na karo za kahawia zinapandisha rangi yao ukutani. Kile cha udongo kitapoteza ukijivu wake humo, kitakuwa kahawia hafifu. Mimi ningeweka cha kwanza, kwa sharti moja: angalia karatoni ya ampuli (balbu za taa). Ikiwa imeandikwa 6500K, yaani mwanga mweupe wa kuvuta bluu, usiku ukuta utakuwa bluu waziwazi. Tafuta 3000K au 4000K, zenye mwanga wa joto zaidi, kabla hujanunua rangi, maana saloni inatumika zaidi usiku.

Usijaribu moja kwa moja ukutani. Chukua karatoni mbili za sentimita 60 kwa 60, piga mikono miwili (tabaka mbili za rangi), acha saa 4 kati ya mkono na mkono, na uache ukingo mweupe wa sentimita 5 pande zote. Iegemeze moja moja, kila kona: saa moja asubuhi, saa sita, saa kumi na moja jioni, na saa mbili usiku taa zikiwaka. Zikikaa pamoja, kila moja inaikoleza nyingine: ya bluu inazidi kuwa bluu, ya udongo inazidi kuwa udongo, na utachagua vibaya.

Ziwani_Himbi
Aksanti sana. Kenkayeri (duka la vifaa vya ujenzi) ya karibu haina mashine ya kuchanganya, wanachanganya nyeupe na kolora (rangi nzito ya kukoleza) ya tyubu. Itafika kwenye kadi? Na ninunue lita ngapi?

FundiRangi_Katindo
Inafika, lakini nyeusi peke yake ndani ya nyeupe kwa kawaida inatoa kijivu cha bluu. Kwa kile cha udongo ongeza okra ya njano (kolora ya njano ya udongo), kisha tone moja la nyekundu ya kutu. Pima kwa sindano ya hospitali: lita 1 ya nyeupe, mililita 2 za nyeusi, paka karatoni, acha ikauke ndipo uhukumu, kwa sababu rangi ya maji ikikauka inakolea. Andika kila mililita. Kolora usiimimine nzito kwenye ndoo. Ikoroge kwanza katika kikombe cha rangi, la sivyo rulo itavuta mistari myeusi ukutani. Usipite mililita 50 za kolora zote kwa lita, rangi haitakauka vizuri.

Ukiwa na kimo cha mita 2.7 na kutoa milango na madirisha, saloni ina takriban mita za mraba 51, chumba 37. Mikono miwili, kwa mita za mraba 8 kwa lita: lita 13 na lita 9 na kidogo. Nunua 15 na 10. Kila rangi ichanganye yote kwa mara moja katika pipa moja, maana mchanganyiko wa pili haufanani na wa kwanza hata ukipima vizuri. Lita zitakazobaki zifunge vizuri, ndizo za kuziba alama baadaye.

Mjenzi_Keshero
Krepisaji (plasta) ya simenti ina muda gani? Ikiwa haijatimiza wiki 4, subiri. Ukuta mbichi unatoa chumvi nyeupe, na kwenye kijivu inaonekana kuliko kwenye rangi yoyote nyepesi. Ikishatoka, isugue kwa burashi kavu. Ukiosha kwa maji inarudi ndani, halafu inatokea tena juu ya rangi.