MALALAMIKO: Acheni kuuzia vijana wa Lubumbashi chaneli za YouTube "zilizo tayari kulipa"

Bandugu, nafungua uzi huu kwa hasira na sitaificha. Kwenye makundi ya WhatsApp hapa mjini, kuanzia Katuba hadi Ruashi, kuna watu wanauzia vijana "chaneli inayolipa tayari", "wafuatiliaji 1,000 kwa siku tatu" na mafunzo ya kutajirika kwa video. Ni wizi. Nitaeleza kwa nini, kisha nitaeleza njia inayowezekana kwa mtu anayeishi hapa.

Kuna jambo moja wauzaji hawa hawalitamki. YouTube hugawa feza ya matangazo kwa nchi zilizomo kwenye orodha yake ya washirika tu. Kenya imo, Tanzania na Uganda zimo, Senegal, Nigeria na Afrika Kusini zimo. Kongo yetu haimo. Fikisha wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, kama masharti yanavyotaka. Ukiwa umejiandikisha Lubumbashi, mlango haufunguki. Ndiyo sababu chaneli wanazouza zimeandikishwa nje, kwa jina la mtu usiyemjua.

Sasa fuata feza inapopita. Malipo yanapitia akaunti ya AdSense, huduma ya Google (mwenye YouTube) inayolipa feza ya matangazo; ina jina moja na anwani moja. Salio likifika dola 10, Google inatuma kwa posta barua yenye namba ya siri, na isipoingizwa ndani ya miezi minne matangazo yanasimamishwa. Barua hiyo inamfikia mwenye anwani, si wewe uliyeko Kamalondo. Salio likifika dola 100 linaingia benki, kwa jina lilelile. Nchi ya AdSense haibadilishwi: akaunti inafungwa, inafunguliwa nyingine. Ukiiandika chaneli kuwa ya Kongo, inatolewa kwenye programu ya washirika. Na aliyeanzisha akaunti ya Google, kama namba yake ya simu na barua pepe yake ya kurejeshea bado zimo, anaweza kuichukua chaneli yake tena huku feza yako imeshaliwa. Utamshitaki wapi? Hata jina lake halisi huna.

Hao wafuatiliaji wa kununua nao ni sumu. "Nifuate nikufuate" imekatazwa na YouTube, na wafuatiliaji wa namna hiyo hufutwa. Wakibaki, hawabonyezi video zako. YouTube inapoionyesha video kwa watu wanaokufuata na wao wanaipita, haina sababu ya kuipeleka mbali zaidi. Saa 4,000 nazo haziletwi na namba hizo. Piga hesabu: video ya dakika 10 ikitazamwa kwa wastani wa dakika 4, unahitaji watazamaji 60,000. Video fupi zinazotazamwa kwenye mkondo wa Shorts hazihesabiwi kwenye saa hizo, wala zile zinazopatikana kwa matangazo ya kulipia.

Kwa hiyo, kwa chaneli ya fani moja kutoka hapa, matangazo ya YouTube si msingi wa biashara. Hata nchi ingekuwemo, tuseme kila watazamaji 1,000 wakuingizie dola 1: watazamaji 20,000 kwa mwezi ni dola 20, na unangoja miezi mitano kufikia dola 100. Msingi ni watu wanaouza vitu ambavyo watazamaji wako wanavitafuta.

Chukua fani ya sola na betri. Lubumbashi umeme unakatika, na kila nyumba inauliza swali lilelile. Usitengeneze video inayoitwa "Karibuni kwenye chaneli yangu". Tengeneza inayoitwa "Betri ya 100Ah itawasha televisheni kwa saa ngapi?" na ujibu kwa namba: volti 12 mara 100 Ah (ampea-saa) ni Wh (wati-saa) 1,200. Betri ya risasi (lead-acid) usiitumie zaidi ya nusu, zinabaki 600. Televisheni ya wati 60 ingekwenda saa 10, lakini inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, nayo inakula chake, basi sema saa nane na nusu. Onyesha mita ikisoma volti kabla na baada. Jibu litoke ndani ya sekunde 30 za kwanza, maana hapo ndipo watu wengi wanapokimbia. YouTube Studio, ukurasa wa takwimu za mwenye chaneli, inakuonyesha kwenye grafu ni asilimia ngapi wamebaki. Ukiona mstari umeporomoka pale ulipokuwa unasalimia, kata salamu kwenye video inayofuata.

Kuhusu mega za intaneti, ambazo ndizo zinazowamaliza wengi. YouTube inapendekeza 8 Mbps (megabiti 8 kwa sekunde) kwa video ya 1080p, yenye picha kali, yaani dakika 10 ni MB 600. Kwa 720p, picha ya chini yake, ni 5 Mbps, MB 375. Fundi anayeonyesha nyaya mezani, kamera ikiwa haitikisiki, anaweza kuipitisha video kwenye HandBrake, programu ya kompyuta ya kupunguza ukubwa wa video, ikashuka hadi 3 Mbps: MB 225, na maandishi ya mita bado yanasomeka. Sauti usiichezee. Kipaza sauti cha kubana shatini, na jenereta la jirani lisiwe karibu. Picha hafifu watu wanaivumilia, sauti ya makelele hapana.

Muziki wa wasanii usiuweke, hata sekunde kumi. Dai la Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua nyimbo zenye mwenyewe, linaweza kupeleka mapato kwa mwenye wimbo. Onyo la hakimiliki ni zito zaidi: matatu ndani ya siku 90, chaneli inafungwa.

Ukiwa na video 15 au 20 za fani moja, nenda kwenye maduka ya betri na inveta mjini. Usiende na idadi ya wafuatiliaji. Nenda na ukurasa wa takwimu unaoonyesha watazamaji wanatoka wapi, na maswali ya bei yaliyoandikwa chini ya video. Omba bei ya mwezi, si ya video moja: maduka manne yakitoa dola 50 kila moja ni dola 200, na zinalipwa kwa M-Pesa au Airtel Money bila barua ya posta. Andikeni karatasi: nusu mbele, video inakaa mtandaoni muda gani, na namba ya simu ya duka itakayotumika kwenye video hiyo peke yake ili mwenye duka ahesabu wateja waliotoka kwako. Asipoweza kuwahesabu, mwezi wa pili halipi. Weka alama ya tangazo la kulipiwa kwenye Studio. Hata chaneli isiyo na matangazo inaruhusiwa kufanya hivyo. Na duka likikutaka useme betri ya 80Ah ni ya 100Ah, kataa, kwa sababu mtazamaji ataipima mwenyewe.

Sasa nyinyi mnaouza chaneli, wengi wenu mnasoma hapa. Jibuni mbele ya watu: AdSense ya chaneli unayouza iko kwa jina la nani? Barua ya namba ya siri ilifika anwani gani? Namba ya kurejeshea akaunti ni ya nani? Na mnunuzi akipoteza chaneli wiki ijayo, unamrudishia feza yake, ndiyo au hapana?