Wajaza mafuta wa Tanga, bawa la ndege si mahali pa kuburuzia mpira wa mafuta

Waungwana, naleta malalamiko haya kwa hasira ambayo sioni sababu ya kuificha. Ndege ninayoitunza hapa Tanga, Cessna 182 ya injini moja, imekwaruzwa tena juu ya bawa la kushoto wakati wa kujazwa mafuta, na nilipomwonyesha msimamizi wa huduma michirizi iliyoanzia ukingo wa mbele wa bawa hadi kwenye mdomo wa tangi la mafuta lililo ndani ya bawa, alinijibu kwamba huo ni mkwaruzo tu na rangi zipo madukani. Jibu hilo limeniuma kuliko mkwaruzo wenyewe, maana linaonyesha kwamba waliokabidhiwa kazi hii wanadhani rangi ya ndege ni pambo.

Bati la bawa la ndege ya aina hii ni aluminiamu isiyofika unene wa milimita moja. Ili ipate nguvu, aluminiamu hiyo huchanganywa na shaba kiasi cha asilimia 4 hivi, na shaba hiyohiyo ndiyo inayoifanya iliwe upesi na chumvi. Kwa hiyo kiwandani huvikwa pande zote mbili utando mwembamba wa aluminiamu iliyo karibu kuwa safi, kisha juu yake hupakwa praima, yaani rangi ya msingi, na rangi yenyewe. Mkwaruzo unaopenya rangi na utando huo huiacha aluminiamu yenye shaba ikiwa wazi kwa hewa ya bahari. Nasi tuko Tanga, hatuko Dodoma: iwe kaskazi au kusi, upepo unaotufikia umepita baharini na umebeba chumvi. Kutu ya aluminiamu haina wekundu wa kumshtua mtu. Huwa unga mweupe, na katika unyevu wa pwani hujipenyeza chini ya rangi kwa vijistari vyembamba vinavyojipinda, rangi ikivimba kidogokidogo, huku mwenye ndege akiamini kwamba bawa lake ni zima.

Sasa tazameni kazi inavyofanywa. Mpira wa mafuta hulazwa chini, ukajipaka mchanga, kisha huvutwa juu ya ukingo wa mbele wa bawa ukikwaruza kama msasa, wakati mhudumu angeweza kuubeba begani tangu chini hadi juu. Ngazi huegemezwa kwenye bawa bila kitambaa wala mpira kwenye ncha zake. Mhudumu hupanda akiwa na funguo mfukoni na mkanda wenye bizimu ya chuma, halafu hulalia bawa ili aufikie mdomo wa tangi. Kifuniko hutupwa popote juu ya rangi. Baya zaidi ni nozeli, ile ncha ya mpira inayomimina mafuta, kwa sababu huachwa ining'inie ndani ya mdomo wa tangi ikiwa imebeba uzito wote wa mpira. Mdomo ukilegea au ukipinda, kifuniko hakikai sawasawa, na mvua ya masika huingia kwenye mafuta. Hapo hatuzungumzii rangi tena, tunazungumzia injini inayoweza kuzimika angani.

Mafuta yenyewe nayo hayana huruma. Petroli ya ndege aina ya 100LL, yaani ya oktani 100 yenye madini ya risasi kidogo, hutiwa rangi ya samawati, na ikimwagika ikaachwa ikauke jua kali, huacha doa linalouzunguka mdomo wa tangi. Ikitiririka hadi kwenye kioo cha plastiki cha rubani, huweza kukitia nyufa ndogondogo. Dawa yake ni maji mengi papo hapo na kitambaa laini. Hapa kwetu hufutwa kwa tambara kavu lililojaa vumbi.

Nimeambiwa kwamba abiria wanasubiri na kwamba usalama unatangulia urembo. Sikubali hata kidogo, kwa sababu hakuna pahali ambapo mambo hayo mawili yanapingana. Waya wa kuzuia cheche za umeme tuli lazima ubanwe kwenye ndege kabla kifuniko hakijafunguliwa, na ubanwe kwenye chuma kisicho na rangi, kwa mfano bomba la moshi. Anayeubana juu ya rangi ameikwaruza ndege na pia ameharibu mgusano wa waya, kwa hiyo amekosa usalama na urembo kwa pamoja.

Anayesema nipake rangi tu hajui gharama zake. Fundi hana budi kukwangua hadi kwenye chuma, kuondoa kutu yote, kutia dawa ya kuzuia kutu, kisha praima na rangi. Ikiwa mpira ulipitishwa nyuma ya bawa ukaikwaruza eleroni, yaani kibawa cha nyuma ya bawa kinachoilaza ndege upande, baada ya kupaka rangi lazima mlingano wa uzito wake ukaguliwe upya, kwa kuwa uzito mdogo tu ulioongezeka nyuma ya eleroni unaweza kuifanya itetemeke vibaya kwenye mwendo wa kasi. Gharama hizo zote hulipa mwenye ndege, wala si aliyeburuza mpira.

Ninachodai si kikubwa. Kila gari au pipa la mafuta liwe na kitandiko cha mpira usioharibiwa na petroli, chenye tundu la kuuzunguka mdomo wa tangi, nacho kipanguswe mchanga kabla ya kutandikwa. Kisiwe cha sponji, maana sponji hunywa mafuta na kuyabana juu ya rangi. Ngazi ivishwe ncha zake. Nozeli ishikwe kwa mkono mwanzo hadi mwisho. Stakabadhi ya mafuta iwe na nafasi ambapo rubani na mhudumu wataandika hali ya bawa kabla na baada ya kujaza, na wote wawili waweke sahihi.

Nimekwisha kuandika barua kwa mtoa huduma huyo nikiambatisha picha, na sijajibiwa. Wenye ndege ndogo na marubani mnaotua Tanga, kama nanyi mmekwaruziwa, wekeni picha zenu hapa pamoja na tarehe, ili barua ya pili isiwe ya mtu mmoja.