Mjadala: Tuendelee kuvunja mifupa ya wanyama ili kutibu mifupa isiyounga?

Wakuu, naileta mada hii kwa sababu pande mbili zinabishana bila kusikilizana. Wa kwanza wanasema Marekani iliondoa Desemba 2022 sharti la kisheria la kupima dawa kwa wanyama kabla ya binadamu, basi nasi tuachane nao kabisa. Wa pili wanasema bila panya hakuna tiba.

Msimamo wangu: kwa mfupa uliogoma kuunga, mnyama bado anahitajika. Ila wengi wanaumizwa bure, maana hawafanani na mgonjwa.

Tazameni kinachofanyika. Panya analazwa kwa dawa ya usingizi, fupa la paja linafungwa bamba dogo kwa skrubu, kisha kinakatwa kipande cha milimita 5 au zaidi. Pengo la kiasi hicho halijizibi lenyewe, kwa hiyo likiziba, sifa inaenda kwa dawa iliyowekwa. Lakini panya huyo mara nyingi ni kijana, mzima, na kidonda chake kisafi. Mgonjwa anayetusumbua ana kisukari au anavuta sigara, kagongwa na pikipiki, mfupa wa muundi umetoboa ngozi na vijidudu vimeshaingia. Tena mfupa wa panya haujikarabati kwa ndani kama wa mtu mzima.

Chukueni BMP-2, protini inayochochea mfupa kuota, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa muundi uliovunjika na kuacha kidonda wazi. Kiwango kilichotosha kwa panya hakikutosha kwa binadamu; kilipandishwa mara kadhaa. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya huko ikatoa onyo, baada ya baadhi ya waliowekewa kwenye uti wa shingo kuvimba hadi njia ya hewa ikabanwa.

Mnaosema tutumie seli za maabara, nawaelewa, lakini seli kwenye kisahani haisimami wala haitembei. Mfupa huunga kwa damu inayoufikia na kwa uzito unaoubeba. Kondoo mzee anakaribia mtu kwa hayo yote mawili. Gharama yake ni sababu mojawapo inayowarudisha watafiti kwa panya.

Linaloniuma zaidi ni maumivu. Dawa za jamii ya diklofenaki zimeonekana kuchelewesha mfupa kuunga kwa panya na sungura (kwa binadamu ushahidi bado unagongana), kwa hiyo wapo watafiti wanaozikwepa. Sawa, lakini buprenofini, dawa ya maumivu ya jamii nyingine, ipo! Ripoti isiyosema mnyama alitulizwa kwa dawa gani isichapishwe.

Sasa mnaopinga, nijibuni: mwenye kisukari ambaye muundi wake haujaunga baada ya miezi 9, dawa mpya tumjaribishie nani kabla yake? Nanyi mnaotetea: mtakubali kamati za maadili zikatae panya kijana mwenye afya katika utafiti unaodai kutibu wazee na wagonjwa?