Shotigani inashika kutu huku Kigoma, nipake mafuta gani?

Mwana_Ilagala:
Wakuu heshima kwenu. Nina shotigani ya mitutu miwili, ile ya kukunja, leseni ipo na polisi wanaijua, naitumia kulinda shamba, nyani na nguruwe pori wanatumaliza na mara nyingi napigaga hewani tu wakimbie. Sasa tatizo ni kutu. Shamba liko karibu na ziwa, na tangu mvua zianze Novemba kila nikiitoa kabatini nakuta vidoa vya rangi ya udongo kwenye mitutu, hasa pale mkono unaposhika. Jirani ananiambia paka mawese kwani wazee walipaka hayohayo, kijana wa duka la spea anasema chukua WD-40, ile ya kopo la kupulizia, inamaliza kila kitu, mwingine anasema grisi kote. Naombeni anayejua kweli aniambie, ya kusafishia ni yapi na ya kulainishia ni yapi, na yawe yanayopatikana Kigoma mjini au Tabora maana treni ipo, kitu cha kuagiza Ulaya sitakiweza.

Mzee_wa_Ugalla:
Mwanangu, kabla ya mafuta kunja bunduki, tazama chemba zote mbili, pale risasi zinapoingia, kwa macho yako, na risasi zikae chumba kingine kabisa. Haya.

Hapo kuna kazi tatu na watu wanazichanganya, ndiyo maana kila mtu kakutajia kitu chake. Ya kwanza ni kusafisha, kutoa masizi ya baruti na ile plastiki ya ndani ya ganda inayobaki imejipaka kwenye mtutu, hasa kule mbele mtutu unapobana. Ya pili kulainisha pale chuma kinaposuguana na chuma. Ya tatu kukinga kutu. Mafuta ya taa yanafanya ya kwanza vizuri tu, unachovya brashi ya shaba unasugua kutoka chemba kwenda mdomoni mwa mtutu, fanyia nje penye hewa na pasiwe na moto karibu, ila yakikauka yanaacha chuma uchi kwahiyo ukiishia hapo umeikaribisha kutu mwenyewe. Petroli usiguse, moshi wake mbaya na inalipuka.

Hiyo WD-40 si mbaya ila wanaitumia sivyo. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma, na hilo jina maana yake ni fomula ya 40 ya kufukuza maji. Umenyeshewa porini, pulizia, maji yatoke, futa, sawa kabisa. Lakini sehemu kubwa yake inapaa hewani na kinachobaki ni utando mwembamba mno, kwa unyevu wa ziwa hautakaa. Lazima juu yake uweke mafuta yenyewe.

Ukipata mahali mafuta ya Kijerumani yaitwayo Ballistol nunua, wanaitengeneza tangu 1904 na inafaa chuma, mbao na ngozi. Usipoipata usihangaike.

FundiNguo_Mwanga:
Kaka yangu wa Ilagala, mafuta ya cherehani! Yale meupe mepesi, chupa ndogo, yapo kila duka la vifaa vya ushonaji hapa Kigoma. Ni mafuta ya madini yaliyosafishwa, hayagandi na hayanati, cherehani langu linashinda linazunguka na mafuta hayohayo. Baba yangu alikuwa mlinzi na bunduki ya kazini alipaka hayo tu. Ila nunua chupa iliyofungwa, ukiona ya njano iliyokolea au inanuka oili ya gari acha, wapo wanaojaza upya chupa wakauza. Na tone ni tone kweli, dada zangu wapya hapa kibandani wanamwaga mafuta mpaka nguo ya mteja inaharibika.

Boda_Kasulu:
Mawese hapana jamani, ya kula ni ya kula. Huku kwetu Kasulu usiku wa baridi yanaganda kwenye chupa, sasa fikiria yamo ndani ya triga. Na yakikaa yanachacha, yanatoa asidi inayokula chuma hichohicho unachokilinda. Alizeti ndio usiseme, inakauka inakuwa gundi. Mimi nashauri oili mpya ya injini ile nyepesi, inalainisha na inazuia kutu vizuri. MPYA nasema, sio ile nyeusi iliyomwagwa kwenye pikipiki, ile ina unga wa chuma na asidi za moshi.

Mzee_wa_Ugalla:
Fundi na kijana wa Kasulu wote mko sawa. Mimi ningeanza na ya cherehani maana ni safi na inapenya, oili ya injini nayo inafaa. Grisi weka kidogo sana kwenye pini ya bawaba, pale bunduki inapokunjikia, na kwenye ndoano zinazofungia mitutu, kwa sababu pale panabeba mzigo mzito na oili nyepesi inasukumwa nje. Kwingine kote hapana. Kiangazi cha huku Tabora vumbi likikutana na mafuta mengi linakuwa msasa, na mafuta yakiingia kwenye pini ya kufyatulia yanashika uchafu mpaka pini inagonga kivivu, siku unaihitaji haifyatui.

Kuna kingine watu hawakisemi. Mafuta yakizidi yanashuka kwenye kitako, mbao inalainika na kuoza taratibu pale inapokutana na chuma, nimeona bunduki nzuri zimepasuka kitako kwa hilo. Ukimaliza kuipaka isimamishe mdomo ukiangalia chini juu ya kitambaa, usiku mmoja, kilichozidi kitoke. Na kabla ya kupiga pitisha kitambaa kikavu ndani ya mitutu, mafuta yakijaa mtutuni shinikizo linapanda.

Mrina_Sikonge:
Nyongeza tu toka kwa warina asali. Nta safi iliyochujwa, ikiyeyushwa na mafuta kidogo ya cherehani, ni kinga nzuri ya kitako na ya nje ya mitutu pale jasho la mkono linapogusa, maana jasho lina chumvi na ndilo linalomsumbua mwenzetu. Paka nyembamba, sugua na kitambaa. Ndani ya mtambo usiweke, itanata.

Na wenye magobole baruti yenu nyeusi ni habari nyingine, masizi yake yana chumvi inayovuta maji hewani, na chumvi haiyeyuki kwenye mafuta ya aina yoyote. Maji ya moto na sabuni siku ileile, kausha kabisa, ndipo mafuta.

Mwana_Ilagala:
Aisee shukrani sana wazee wangu na dada. Kwahiyo mafuta ya taa, nifute, halafu ya cherehani, grisi kwenye bawaba, nta nje. Vile vidoa vilivyopo tayari navitoaje, msasa? Na ina mfuko wake wa ngozi, naiwekaga humo.

Mzee_wa_Ugalla:
Msasa hapana, utatoa ile rangi nyeusi ya chuma na kutu itarudi kwa nguvu zaidi. Loweka doa kwa mafuta ya cherehani mpaka kesho yake, sugua taratibu kwa kipande cha shaba laini au kitambaa kigumu. Ikiwa kutu imechimba mashimo ndani ya mtutu usiipige, peleka kwa fundi bunduki mwenye kibali aione. Na mfuko wa ngozi ni wa safari, ngozi inatunza unyevu na dawa walizolainishia. Nyumbani ikae kwenye kabati la chuma lenye kufuli, imefutwa, na kwa huko ziwani ipitie kila wiki wakati wa mvua. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, masizi yale yana madini ya risasi.