MREJESHO: Gari la kazi kwa biashara ya kusafisha masofa na mazulia

Habari zenu wakuu. Niliuliza hapa kama nichukue pikapu au vani, nikiwa naanza kusafisha masofa na mazulia majumbani kwa mtaji mdogo. Nilichukua vani iliyotumika na kazi inaenda.

Mliosema nianze na uzito kabla ya sura ya gari, Mungu awabariki. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 300 likijaa ni kilo 300, na hapo hujapakia mashine, jenereta wala msaidizi. Vani ya kwanza niliyoipenda ingezidiwa, nikaiacha. Tangi nalo lisikae nusu: maji yanayumba kwenye kona na gari linavutwa pembeni. Langu lina vizuizi ndani na limefungwa kwa boliti, si kamba.

Kwenda na fundi wangu mwenyewe kuliniokoa. Alikataa gari moja lenye kutu kwenye chesisi iliyofichwa kwa rangi mpya, na kila injini alitaka kuiwasha ikiwa ya baridi.

Ushauri wa injini ndogo umefaulu nusu. Tambarare inakula mafuta kidogo kweli, ila mlimani na mzigo kamili inahangaika. Siku hizi naenda na tangi tupu, najazia kwa mteja, na si kila mteja ana maji.

Halafu bima: ya gari la biashara ilikuwa juu kuliko ya gari binafsi. Iulizeni kabla ya kulipia gari.

Asanteni sana, hasa mlionijibu kwa kirefu.