Eti "Kiingereza chako kizuri, umejifunzia wapi?"

Wakuu, usingizi umegoma. Yule jamaa, mnamjua, sina haja ya kumtaja (haya, Trump wa Marekani), Julai 9, 2025 kawaalika marais watano wa Afrika chakula cha mchana: Senegal, Gabon, Mauritania, Guinea-Bissau na Liberia. Mzee Boakai, rais wa Liberia, kaongea vizuri, kamaliza. Jamaa kamkodolea macho kama kaona mbuzi anasoma taarifa ya habari. "Kiingereza kizuri hicho! Umejifunzia wapi?"

UMEJIFUNZIA WAPI?

Liberia, jamani! Nchi iliyoanzishwa na weusi waliotoka hukohuko Marekani, ikatangaza uhuru 1847. Mji mkuu, Monrovia, una jina la rais wa Marekani, Monroe. Bendera ni karibu ileile, nyota zimepungua ikabaki moja. Mzee mwenyewe kawa makamu wa rais miaka 12. Halafu umejifunzia wapi! Akasisitiza, "Liberia?" Mzee kajibu ndiyo, kacheka kidogo. Ningekuwa mimi ningembebea sufuria lake la mchuzi nikaondoka nalo. Tena akawahimiza wafupishe, wataje jina na nchi basi. UMEJIFUNZIA WAPI!

Kobe Mstaafu: Punguza presha. Wewe ukisifiwa Kiingereza si unatuma skrinishoti grupu la ukoo?

Mchuuzi wa Mabibo: Na marais haohao walipoulizwa kama Trump apewe Nobeli ya amani wakasema inamfaa. Unamtetea nani hapo?

Jirani wa Kaskazini: Angekuwa Mtanzania angejibu "sijajifunza" na ukweli ungekuwa umesemwa.

Mchuuzi wa Mabibo: Na nyinyi Kiswahili mmejifunzia wapi, kwenye matatu? Tangu 2022 ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika, bado mnasema "hii mtu".

Binti Mvita: Septemba 2022, msiba wa Malkia Elizabeth, marais wetu walipakiwa basi moja London. Huyu angalau kawapa sahani.

Mleta uzi: Uzi hauhusu basi!!

Bwana Hoja: Mnalilia sahani. Afrika nchi 54, kiti cha kudumu Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa SIFURI. Tulidai viwili tangu 2005.

Kobe Mstaafu: Mkipewa atakalia nani? Nigeria, Misri au Afrika Kusini? Mtatoana macho kabla ya kikao.

Abiria Sugu: Basi la London watu walikaa. Mimi Gongo la Mboto nasimama hadi Posta.

Binti Mvita: Geuza nayo mwisho wa kituo, kaka, utapata siti.

Abiria Sugu: Konda anadai nauli mara mbili.